Sanduku Lenye Jina Langu

Mandraki, Nisyros
10 Septemba 1979

Mama mpenzi,

Nimefika salama, ingawa meli ya kutoka kisiwa cha Kos ilitutikisa mpaka padre mmoja akatapikia ndani ya kofia yake. Aliona haya, maskini, akaishika mapajani safari nzima kama amebeba mayai.

Ningekuandikia mapema, ila tangu nishuke natembea na kula tu. Jana nilipanda kwenye ngome ya kale. Mawe meusi yamepangwa bila tone la chokaa, kila moja kubwa kama jokofu letu, na juu kabisa nilimkuta mzee anakula tini kwa kisu. Hakuniuliza jina. Alinikatia nusu, akaendelea kutazama bahari. Leo nimeshuka ndani ya shimo la volkeno. Ardhi inachemka chini ya miguu, harufu ya kiberiti imeshika nywele, na soli ya kiatu changu cha kushoto imelainika kama jibini. Mwenye nyumba wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Chakula chao, Mama! Kwa nini hukuwahi kutupikia bajia za dengu zenye kitunguu na mnanaa? Na ile sharubati ya lozi? Miaka yote ile Pittsburgh tumekula viazi, na wewe unayajua haya yote.

Baba alikuwa akisema tutakuja wote watatu huku kisiwani kwenu. Tangu tumzike Januari nimekuwa nikiwaza kwamba angalau mmoja wetu aje kwa niaba yake. Wiki hii nitapanda Emborios kuitafuta nyumba yetu. Wanasema kijiji kizima ni magofu sasa. Mlango wetu ulitazama wapi? Niandikie haraka, ingawa najua sitangoja.

Wako,
Evdokia

*

Mandraki
16 Septemba 1979

Mama,

Sikungoja, kama nilivyokwambia. Nimekwenda Emborios!

Alinipeleka bwana mmoja anaitwa Stergis, mwenye pikapu na mdomo mchafu. "Wewe Mmarekani, ukitapika humu utaosha mwenyewe." Nikamwambia mimi ni nesi, matapishi ya watu ndiyo kazi yangu. Tukawa marafiki hapo hapo.

Wamebaki watu tisa tu, Mama. Tisa! Paa zimeangukia ndani, mitini imeota katikati ya majiko ya watu, na katika nyumba moja kitanda cha chuma bado kimesimama kwenye majani, kimetandikwa kwa miiba. Nililia kidogo. Sikujua ninamlilia nani.

Pale kijiji kinapoanzia kuna lile pango linalotoa mvuke. Ndani alikuwa ameketi mama mmoja mwenye nguo nyeusi, miguu juu ya jiwe la moto.

"Binti wa nani wewe?"

"Wa Pantelis na Kalliroi, waliohamia Amerika."

Alishusha miguu kutoka kwenye jiwe. "Wa Kalliroi," akasema. "Haya. Kalliroi amekufundisha kula?"

Basi akanipeleka kwake na kunilisha kama anayenonesha mbuzi wa Pasaka. Bajia, kapari, yale matumba ya maua yaliyolowekwa kwenye chumvi, jibini iliyolowekwa kwenye mashapo ya mvinyo. Kumbe ndiye mama yake Stergis. Jina lake Sevasti. Nilipokuwa natafuna akanyoosha mkono, akanisogeza nywele, akatazama nyuma ya sikio langu.

"Unamtafuta chawa?" Stergis akauliza.

"Wewe funga domo lako," akamwambia, akanirudishia nywele mahali pake.

Nilimwuliza kama ana salamu zozote kwako. Akasema, "Mwambie Sevasti hajafa bado." Mama, mlikuwa majirani? Hukuwahi kumtaja hata siku moja. Ameniomba nikirudi nimsaidie kutia mafuta kwenye taa ya kanisani, magoti yake hayapandi tena. Nimemwambia nitarudi, tena na njaa.

Nakubusu,
Evdokia

*

Pittsburgh
20 Septemba 1979

Mwanangu Evdokia,

Barua yako ya kwanza imefika leo na ninaijibu nimesimama. Usipande Emborios. Nakuomba. Kuta zile zinaanguka zenyewe bila kuguswa, na kwenye mawe mna nyoka. Nyumba yetu haipo tena, ilibomoka zamani, hakuna mlango wa kuutafuta.

Waliobaki kule wamechanganyikiwa na upweke. Watakwambia lolote kumpata mtu wa kuzungumza naye. Usiwasikilize.

Nenda kijiji cha Nikia, ni pazuri zaidi. Kaa bandarini, kula samaki, ogelea. Niletee kapari kidogo. Kisha rudi, mwanangu. Mwezi mzima wa nini? Nyumba imekuwa kubwa tangu baba yako aondoke.

Mama yako,
Kalliroi

*

Mandraki
1 Oktoba 1979

Mama,

Nakuita Mama kwa kuwa sina neno jingine la kuandika hapa.

Ijumaa nilirudi Emborios. Sevasti alinipa chupa ya mafuta ya zeituni na ufunguo, akanielekeza: kanisa dogo la juu, chumba cha nyuma. Hakuniangalia usoni. Nikapanda naimba.

Chumba cha nyuma ni chumba cha mifupa. Wewe unaijua desturi, mimi nilielezwa baadaye: miaka ikipita wanawafukua wafu, wanaiosha mifupa kwa mvinyo, wanaiweka kwenye visanduku vyenye majina. Vimejaa kwenye rafu, vingi vimeoza, vingine vimepasuka. Kimoja tu, cha chini kabisa, ni kisafi. Kimepakwa rangi ya buluu, na si zamani. Mbele yake palikuwa na taa ndogo na kikombe chenye rihani mbichi.

Nikapiga magoti nitie mafuta. Nikasoma.

EVDOKIA, WA PANTELIS NA KALLIROI. 1948–1949.

Nilisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasoma tena. Nikafungua kifuniko. Nimefanya kazi wodini miaka tisa, Mama, nimefumba macho ya watu wengi. Sijawahi kuketi sakafuni kwa sababu ya maiti. Safari hii niliketi. Fuvu lingeenea kwenye viganja vyangu viwili. Chupa ilinianguka ikavunjika, na mafuta yakaloanisha sketi yangu, nami nimekaa tu.

Nilishuka nikamwuliza Sevasti, "Huyu ni nani?" Nilipiga kelele. Stergis alitoka nje.

Akasema, "Muulize anayejua kuandika."

Siku iliyofuata ndipo ilipofika barua yako ya nyoka na kuta.

Usinipigie simu pale dukani. Mwenye duka ameniita mara mbili nami nimekataa. Kwenye simu utalia, nami nitakuonea huruma, na sitapata kujua. Niandikie. Kama Evdokia yuko kwenye kisanduku, mimi ni nani?

*

Pittsburgh
12 Oktoba 1979

Evdokia,

Barua yako ya pili, ile ya Sevasti na bajia, ilikaa mezani wiki mbili nikashindwa kuijibu. Nilijua inayofuata itakuja na nini. Hata hivyo, ilipofika nilikaa chini jikoni, jirani akaja kwa sababu maji yalikuwa yakibubujika kwenye bomba na mimi siyafungi.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa.

Baba yako alikuja kisiwani kiangazi cha arobaini na saba, tukaoana, akarudi Amerika baada ya miezi mitatu. Machi iliyofuata nikamzaa Evdokia. Hakumwona hata siku moja. Novemba ya mwaka wa pili mtoto alishikwa na kifaduro. Bahari ilichafuka siku kumi na moja, hapakuwa na daktari wala chombo. Alikufia mapajani mwangu akiwa ananitazama.

Sikumwandikia baba yako. Mara tatu nilikaa na kalamu. Ningeandika vipi? Kila barua yake ilianza kwa kumwuliza yeye.

Januari zikaja karatasi za safari, yangu na ya mtoto.

Sevasti alikuwa mlango wa pili. Mumewe alifukiwa na kifusi kwenye kisiwa cha jirani, wanakochimba yale mawe mepesi ya kusugulia visigino. Aliachwa na Stergis wa miaka minne na kitoto cha kike, rika moja na wangu. Maziwa yalimkauka. Walikuwa wakila majani ya mlimani, wakiyachemsha bila mafuta. Siku moja akaingia kwangu bila kubisha. Akasema, "Shoga, karatasi ya mtoto inakwenda bure. Mchukue wangu."

Nilimwambia ana wazimu. Akasema, "Wazimu ni kuwazika wawili wakati mmoja anaweza kupanda meli."

Kijiji chote kilijua. Padre Neofitos alijua. Niliapa mbele yake kwamba nitamwambia Pantelis tukifika, kwamba nitaandika kila mwezi, na kwamba ukitimiza miaka kumi na mitano utaambiwa. Sevasti alikuleta umelala. Hakulia. Aliniambia unapenda kulala ubavu wa kushoto.

Melini ulilia siku nane, unamwita. Siku ya tisa uliniangalia ukaniita mama. Siku hiyo ndiyo niliyokuiba. Emborios nilipewa, wizi niliufanya baharini, maana palepale niliamua kwamba sitaandika.

Ndiyo maana nilimlazimisha baba yako tuhame New York, kwenye watu wa kisiwani. Nilimwambia hewa inanidhuru. Alikupokea bandarini akakubusu miguu, mmoja mmoja. Amekufa bila kujua. Hilo limenilaza na kuniamsha miaka yote, kwamba nilimfanya ampende mtoto wa mtu kwa jina la marehemu wake.

Unauliza wewe ni nani. Ulibatizwa Garifalia.

Sasa nami nina swali, ingawa sina haki ya kuuliza. Nilimwacha binti yangu udongoni, na hakuwa na ndugu wa kumfukua. Nilijua watamtupa shimoni pamoja na wasio na wenyewe. Miaka ishirini na tisa nimeamini hivyo. Nani alitengeneza kile kisanduku?

Kalliroi

*

Emborios
23 Oktoba 1979

Mama,

Nimehamia huku. Nalala chumba cha Stergis, yeye amekwenda kulala na mbuzi, na kila asubuhi ananiambia mbuzi hawakoromi kama mimi. Yule ni kaka yangu, Mama. Siku ile garini alikuwa akijua.

Nilimsomea Sevasti barua yako yote, neno kwa neno. Alikuwa anavunja lozi na hakuacha. Nilipofika pale "siku hiyo ndiyo niliyokuiba", akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu. Akatikisa kichwa, akachukua lozi nyingine.

Nilipofika kwa Baba kufa bila kujua, nyundo ikasimama.

"Kafa bila nini?"

"Bila kujua."

Akacheka. Alicheka vibaya, mpaka ikawa kikohozi, mpaka nikampigapiga mgongo. Kisha akainuka akafungua kabati la nguo, akanigeuzia mlango wake kwa ndani.

Ni mimi. Mlango mzima ni mimi. Picha ishirini na nane zimebandikwa kwa unga wa ngano. Mimi sina meno ya mbele. Mimi na kanzu ya malaika kwenye igizo la shule. Mimi siku ya kuhitimu uuguzi. Ya mwisho ni Krismasi iliyopita, tumekaa kwenye kochi la kijani, wewe umekatwa kidevu na ukingo wa picha. Nilizibandua mbili. Nyuma yake ni mwandiko wa Baba. *Amepona surua. Amepata kazi hospitali, anaamka saa kumi, halalamiki.*

Nikabandua ya tatu, na ya nne.

Sevasti alingoja barua yako mwaka mzima. Kila meli ilipofika alishuka Mandraki kwa miguu. Ulipokwisha mwaka, Padre Neofitos akamwandikia Baba kule kiwandani kwake, akamweleza yote. Baba akajibu. Barua yake ninayo hapa, imechakaa kwenye mikunjo. Anasema alisoma akiwa amesimama mbele ya tanuri na fundi mwenzake alidhani ameungua. Anasema, "Kalliroi asijue kwamba najua. Amezika mtoto peke yake. Akigundua nimejua, atamzika mara ya pili. Lakini huyu ni wako. Ukimtaka, nitamleta mwenyewe."

Nilimwuliza Sevasti kwa nini hakunitaka. Hilo swali nilimwuliza kwa hasira, sikufichi.

Akanionyesha picha ya kwanza kabisa. "Tazama miguuni," akasema. "Una viatu. Siku ilipofika, Stergis alikuwa amesimama hapo ulipo, pekupeku, na theluji iko nje. Nikamwambia padre aandike: abaki."

Alimwahidi Baba kwamba hatakuwa wa kwanza kusema. Alipokufa barua zake zikakoma, naye akaelewa. Basi nilipotokea mlangoni mwa pango alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nyuma ya sikio alikuwa anatafuta kovu la mafuta ya moto, kujihakikishia tu. Kuahidi aliahidi kutosema. Hakuahidi kutonituma kanisani.

Na kisanduku. Mama, ni yeye. Mwaka wa hamsini na tano alimfukua mwanao kwa mikono yake, akamwosha kwa mvinyo, akamwambia Stergis atengeneze sanduku, naye alikuwa mtoto, misumari imekwenda upande. Kila masika anapaka rangi. Nimemwuliza sababu. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula.

Nimewakasirikia watu watatu, na mmoja amekufa siwezi hata kumgombeza. Sijui nitarudi lini. Lakini nilitaka ujue leo kwamba hakutupwa.

Evdokia

*

Pittsburgh
3 Novemba 1979

Mwanangu, kama naruhusiwa,

Naandikia gotini, utanisamehe mwandiko.

Kila mwaka alihakikisha unapigwa picha. Kila mwaka alichukua nakala mbili. Nikimwambia ya pili ya nini, anasema ya kiwandani, ya kuwaringia wenzake. Nikamwita mpumbavu kwa hilo. Mpumbavu! Nilimwita hivyo hata Krismasi iliyopita, na mwezi haukuisha nikamvika nguo za kaburini.

Miaka ishirini na minane nimelala kando ya mtu anayejua. Nikiamka nalia, anasema, "Ni ndoto tu, Kalliroi," ananifunika bega. Alijua ninamlilia nani. Alikuwa anamlilia huyo huyo, ubavu wa pili wa kitanda, kimya, nami namgeuzia mgongo nisimwambukize uongo wangu.

Nimekwenda makaburini leo. Nilimpangusia majani kaburini. Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumwomba radhi, na sasa naona alikwisha kunipa bila kuniambia.

Halafu Sevasti. Amemwosha mtoto wangu. Nimeisoma sentensi hiyo na sijui niifanye nini.

Nataka kuja. Sijui kama nina ruhusa ya kukanyaga pale. Muulize. Akisema hapana, sitauliza tena.

Kalliroi

*

Emborios
15 Novemba 1979

Kalliroi,

Anayeandika ni binti. Nimemkataza kulainisha neno hata moja, na akimaliza Stergis atanisomea nijue kama amenidanganya.

Kwanza, mimi si mtakatifu. Usije na uso wa kanisani. Nilikupa mtoto, ndiyo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini nilikuomba barua moja kwa mwezi. Moja! Hata karatasi tupu ningeishukuru, ningejua meli haikuzama. Mwaka mzima nilishuka Mandraki na kupanda. Watu wakawa wananiona natokea njiani wanaingia ndani, wasione uso wangu. Hilo sijalisahau na sijalisamehe. Binti ameniuliza kama nitalisamehe, nimemwambia aendelee kuandika.

Mtoto wako nilimtunza kwa sababu alikuwa amelala pale peke yake, na mimi nilikuwa na mikono isiyo na mtoto. Mwanzoni nilikwenda kumtukana mama yake mbele yake. Nakwambia kweli. Nikienda kila Jumamosi, nakutukana, natia mafuta, narudi. Kisha nikamzoea. Nikaanza kumwambia habari: mbuzi kazaa, fulani kahama, leo nimepata picha ya mwenzako. Alipofukuliwa alikuwa na meno manane. Nimeyahesabu kwa ajili yako. Yapo yote.

Huyu wangu amekuwa mwanamke mzuri. Anakoroma, anakula, anasema na kila mtu, na alipomwona jirani ana kidonda cha mguu alipiga magoti kwenye vumbi akakisafisha bila kuambiwa. Hayo hakuyatoa kwangu, mimi sina subira. Nilimwita Garifalia mara moja, akiwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Iliniuma hapa kifuani, sitaki kukuficha. Sasa namwita Evdokia kama watu wote, na yeye ananiita mama Sevasti, na tunakwenda hivyo. Anasema atakaa mpaka Pasaka, kisha atajua.

(Hapa ameinuka. Amekwenda kuongeza kuni na kurudi.)

Unauliza ruhusa. Meli inafika Jumanne na Ijumaa, bahari ikitaka. Sitashuka kukupokea. Magoti hayataki, nami sitaki. Stergis atakuleta, na atakusema njia nzima, mvumilie. Utakwenda kanisani kwanza. Mlango utaukuta wazi. Kaa naye kadiri unavyotaka, hakuna atakayekuja kukuharakisha.

Ukimaliza, utapanda ngazi mpaka kwangu, na mimi nitakutukana matusi ya miaka ishirini na tisa, yote, wala binti hataruhusiwa kuniingilia. Nimeyapanga. Mengine ni mazuri sana.

Baada ya hapo tutakula. Njoo na njaa.

Sevasti
(Ameweka msalaba kwa mkono wake mwenyewe: +)